Siku Niliyomnywea Mwanangu Pombe

Mwanangu wa kwanza alikuwa mlevi. Nalitaja neno hilo mapema kwa sababu watu wa kwetu Matiliku walinisaidia kulificha miaka mingi, na msaada wao ulinichosha kuliko ulevi wenyewe. Walisema kijana anapenda marafiki. Walisema kazi zimemchosha. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa akiwaambia wageni kwamba kijana ana homa kidogo. Homa gani hiyo inayompata mtu kila mwisho wa mwezi? Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeshazaa.

Sikuumbwa na moyo wa upole. Niliongoza kwaya ya akina mama kanisani, na wale mama waliimba vizuri kwa kuniogopa kabla hawajaimba vizuri kwa kumpenda Mungu. Sokoni niliuza ndengu, kunde na mbaazi, na mteja akianza kuchambua gunia langu kama anatafuta sindano, nilimwambia aende akapande zake. Kwa hiyo mtu asidhani nilimlea mlevi kwa machozi na maombi tu. Nilimlea kwa maombi, ndiyo, lakini pia kwa ugomvi.

Alikuwa kijana wa kazi, hilo lazima niliseme. Alipomaliza shule alipata kibarua Kiboko, kwenye shamba la utafiti, akawa anatunza vitalu vya majani ya ng'ombe. Akija nyumbani alituletea sukari na sabuni, na habari za majani kuliko mtu alivyotaka kusikia. Baba yake alikuwa bado hai, akimsikiliza hata chakula kikapoa. Lakini Kiboko iko kando ya barabara ya Mombasa, na malori yanaposimama, baa hazikosekani. Alianza na bia za madereva. Kisha zikawa za kwake mwenyewe. Baadaye bia ikawa ghali, akahamia kwenye vilabu vya pombe ya kienyeji, na mwishowe akawa anaamka nayo asubuhi kabla ya chai. Kazi ikaenda. Baba yake akatutoka. Mwisho wa miaka ya sabini nilikuwa na mwanamume mzima mwenye ndevu amelala katika chumba alicholala akiwa mtoto.

Mlevi ana mikono mirefu. Kuku walipungua bila mwewe. Jembe la palizi liliondoka, na koti la marehemu likaondoka, na siku moja gunia zima la ndengu nililotenga kwa mbegu lilikwenda kilabuni likarudi tumboni mwake. Siku hiyo nilimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja, na sitamdanganya mtu kwamba upendo ndio uliokuwa mkubwa. Jirani mmoja, mama mwenzangu wa kanisa, akaniambia, mtoto akililia wembe mpe. Nilimwuliza, akishajikata ni nani atakayefunga kidonda, ni wewe? Hakuja kunitembelea tena mpaka mvua.

Kutubu alitubu. Kila mkutano wa injili ulipokuja sokoni, alikwenda mbele, akapiga magoti, akalia machozi ya kweli. Aliokoka mara nyingi hata nikahisi Shetani amechoka kufungua na kufunga mizigo. Wiki moja, mbili, alivaa shati safi na kubeba Biblia. Halafu jioni moja hatumwoni. Watu wa kanisa wakaanza kusema hakuwa na nia. Mimi nilimwona akipiga magoti. Nia alikuwa nayo, ila haikumtosha.

Kisha kiangazi kimoja aliamua kuacha peke yake, bila mkutano, bila kumwambia mtu. Siku ya pili mwili wake wote ulikuwa unatetemeka hata kikombe hakishikiki. Akatoka jasho kama mtu anayechimba, akaanza kufukuza mbuzi ambao sisi wengine hatukuwaona. Shemeji yangu alisema amerogwa, apigiwe ngoma za pepo kama zamani. Dada wa kanisa akasema ni mapepo, akemewe. Niliwaambia wote wawili wakae kando, nikaazima mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, nikamlaza juu ya magunia na kumpeleka hospitali ya misheni.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mdogo kuliko mgonjwa wake. Alimtibu siku kadhaa mpaka mbuzi wale wakaondoka, ndipo akatuweka chini sote wawili na kutueleza polepole, kwa Kikamba, kwamba huu ni ugonjwa. Alisema kuna watu wanaoweza kunywa leo wakaacha kesho, lakini mwili wa huyu haukuumbwa hivyo, na ulishajifunza njia mbaya. Dawa ya kummalizia kiu hana. Dawa ni kutoonja, hata tone, hata la heshima, mpaka kaburini. Mwanangu alinigeukia. Kwetu mama huitwa mwaitu, na tangu aanze kunywa alikuwa ameacha kuniita hivyo kwa sauti ya kawaida.

"Mwaitu, umesikia?" aliniambia. "Kumbe si ubaya wangu peke yake."

Nilimjibu kwamba nimesikia, na kwamba ubaya wake ninaujua pia, lakini twende nyumbani.

Nyumbani ndipo kazi ilipoanza. Baada ya siku chache alinieleza jambo ambalo hakuna mhubiri aliyewahi kumwuliza. Asubuhi anaweza, alisema. Mchana, akiwa na jembe mkononi, anaweza. Lakini saa kumi na moja jioni, jua likiinama na mbuzi wakianza kurudi, koo lake humwita kwa jina, na miguu huitika kabla yeye hajaitika. Akaniomba nisimwache peke yake saa hiyo. Mwanamume wa miaka zaidi ya thelathini, akimwomba mama yake asimwache peke yake jioni. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia kidogo, kisha nikarudi na debe la mbaazi.

Kuanzia siku hiyo, saa kumi na moja ikifika, tulikaa kwenye vigoda uani na kubambua mbaazi. Zikiisha mbaazi, tulipukuchua mahindi. Yakiisha mahindi, tulichagua mawe kwenye ndengu. Mikono yake ilitetemeka mwanzoni hata punje zikaruka kila upande, na kuku wangu walinenepa sana mwaka ule. Kubambua mbaazi kwetu ni kazi ya wanawake, na uwanja wangu uko kando ya njia, kwa hiyo wanaume waliokwenda kilabuni walipita wakimwuliza ameolewa na nani. Yeye aliinamisha kichwa akaendelea. Kujibu nilijibu mimi. Kuna mmoja nilimwuliza kama mke wake anajua anakopeleka mahindi ya watoto, na tangu hapo alianza kupitia njia ya chini, ya mtoni.

Alianguka, na hilo nalo nalisema. Siku ya soko alikutana na dereva mmoja wa zamani, akarudi nyumbani akiwa amelowa pombe na matope, akalala mlangoni kwa sababu aliona haya kuingia. Asubuhi alinitazama akingoja matusi. Nilikuwa nayo tayari, tena mazuri, lakini nilipomwona macho yake yalivyo nikayameza. Nilimwambia tu kwamba saa kumi na moja mbaazi ziko palepale. Akaja. Baada ya hapo hakuanguka tena. Mvua zikaja zikaenda, za Machi na za Novemba, na nyingine tena, akachimba mitaro ya shamba lote mpaka udongo wetu ukaacha kukimbilia kwa jirani. Watu wakaanza kumpa kazi. Watoto wakaacha kumwimbia njiani.

Ndipo akapata msichana. Alikuwa fundi wa kushona kutoka upande wa Kitui, aliyekuja kuweka cherehani yake kwenye baraza ya duka moja pale sokoni na kushona sare za shule. Mwanangu alimweleza habari zake zote mapema, kabla ya watu kumweleza. Msichana alikuja kwangu peke yake, akakaa, akanywa chai yangu yote, ndipo akasema, "Mama, wanaume wengi wana ugonjwa na hawaujui. Huyu anaujua wake." Nilimpenda hapo hapo.

Sasa, kwetu Ukambani mwanamke hajaolewa mpaka ntheo iende kwao. Ni mbuzi wanaopelekwa na watu wa bwana arusi, na mmoja wao huchinjwa kule kule na kuliwa na pande zote mbili. Pete na kanisa ni vizuri, lakini bila mbuzi hao binti bado ni wa baba yake. Na mbuzi hawaendi peke yao, huenda na pombe ya asali. Familia nyingi za kanisa zilikuwa zimeshaanza kupeleka kreti za soda badala yake. Baba wa binti alikataa. Mke wake alikuwa mtu wa maombi, lakini yeye alikuwa mzee wa kizamani, akatuma ujumbe kwamba mbuzi hawaliwi na koo kavu.

Sikutaka kugombana juu ya hilo. Wazee wanywe pombe yao. Nililotaka ni moja tu, kwamba kijana asiguse. Kwa kuwa mume wangu hayupo, msemaji wetu alikuwa shemeji yangu, kwa hiyo nilimweleza wazi awaambie watu wa Kitui mapema kwamba bwana arusi haonji pombe, na sababu yake. Akaniambia, hilo niachie. Nikamwachia. Kumbe alikwenda kule mara mbili kuzungumza, akala, akasifu ng'ombe wa mzee, na neno hilo hakulitoa. Baadaye alijitetea kwamba mtu haendi kuchumbia kwa kutangaza ugonjwa, kwamba angeliaibisha jina la kaka yake mbele ya wakwe. Bado lilikuwa lile lile la homa kidogo.

Tulifika kwao Jumamosi asubuhi. Mbuzi walipokelewa, wakakaguliwa meno, wakasifiwa. Wanaume walikaa uani kwa nusu duara, sisi wanawake tukaingia jikoni kusaidiana kupika. Mlango wa jiko ulitazama uani, nami nilikuwa nimechagua kigoda kilicho karibu na mlango, si kwa bahati. Nilimwona shemeji yangu akifunua kibuyu. Nilimwona mzee, baba wa binti, akijaza pembe ya ng'ombe mpaka juu. Kisha akasema kwa sauti ya furaha kwamba kama ilivyo desturi ya nyumba yake, kijana aonje kwanza, ili wajue hawakuletewa sumu. Wazee wakacheka. Pembe ikawekwa mikononi mwa mwanangu.

Jiko lote likanipotea. Niliona pembe tu. Najua hofu ya mtoto mgonjwa wa surua, na hofu ya mtoto aliyechelewa kurudi kutoka mtoni, lakini hii ilikuwa nyingine. Tone, alisema daktari, hata la heshima. Na ile ilikuwa imejaa.

Shemeji yangu aliinama akamnong'oneza, na hata pale jikoni nilipokuwa nilijua anasema nini, aguse kwa mdomo tu yaishe. Mwanangu hakuipeleka mdomoni. Aliishika kwa mikono miwili, akasema kwa adabu kwamba hawezi. Kicheko kikakatika. Mzee akamwuliza kama anamkataa yeye au anamkataa binti yake, maana kwao pembe ikishajazwa hairudishwi kibuyuni. Kuirudisha ni kuvunja uchumba.

"Sikukatai, mzee," mwanangu alisema. Alisimama, na sauti yake ikafika mpaka jikoni. "Mimi ni mlevi. Niliacha, na nikionja hii narudi. Ukininywesha leo, binti yako utakuwa umemwoza kwa pombe, si kwangu."

Shemeji yangu alikuwa ameangalia chini kama mtu aliyeangusha kitu. Mama wa binti, aliyekuwa ananipokeza vijiko, alisimama na kijiko mkononi. Nilikuwa na uchungu na nilikuwa na fahari, vyote vimejaa kifuani, kwa sababu neno nililopigania watu wa kwetu walitaje, mwenyewe alikuwa amelisema mbele ya watu ambao lingeweza kumkosesha mke.

Mzee aliitazama pembe, akamtazama kijana. Kisha akasema kwamba amesikia, na kwamba kijana amesema kiume, lakini pembe bado imejaa, na lazima inywewe na nyumba ya bwana arusi. Shemeji yangu akanyoosha mkono upesi, maana kwa kunywa hakuwahi kuchelewa. Mzee akamzuia. Wewe una nyumba yako, akamwambia. Nauliza nyumba ya huyu.

Desturi hiyo naijua tangu nikiwa msichana. Kwetu baba anaweza kuwa na nyumba nyingi, lakini nyumba ni ya mama. Mtoto huitwa wa nyumba ya fulani, na fulani huyo ni aliyemzaa. Nilisikia miguu yangu ikitoka jikoni kabla sijaamua. Nilipita katikati ya wazee, mwanamke niliyeokoka tangu ujana, mwongozaji wa kwaya, ambaye hata dawa ya kifua yenye harufu ya pombe niliikataa. Nikaichukua pembe kutoka mikononi mwa mwanangu. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Nyumba yake ni mimi," nikasema, nikainywa.

Sikuonja. Niliinywa yote, nimesimama, mpaka pembe ikabaki tupu, nikaigeuza chini wazee waone. Halafu nyuma yangu, mlangoni mwa jiko, mama wa binti alipiga vigelegele, kijiko bado mkononi, na wanawake wote wakamfuata. Mzee alicheka mpaka akafuta macho. Akasema sasa ameiona nyumba anakoozesha binti. Akamwambia mkwewe aketi, akaletewa soda, akainywa mbele yetu wote kana kwamba ndiyo desturi yenyewe tangu mababu. Mimi nilirudi jikoni nikiwa na joto masikioni, nikakosea kutia chumvi kwenye pilau, na hakuna aliyethubutu kunisahihisha.

Binti yetu tulimpata. Wanangu wawili hao wana watoto sasa, na pombe mwanangu hajaionja tena mpaka leo ninapoandika.

Lakini habari ilifika Matiliku kabla yetu. Mke wa shemeji yangu aliibeba kanisani ikiwa bado moto, na Jumapili iliyofuata mchungaji aliniita mbele. Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza kwamba anaelewa moyo wa mama, ila sheria ya kanisa ni moja kwa wote, kwa hiyo niseme tu mbele ya washirika kwamba nimetubu, kwamba kile kinywaji kilikuwa kichungu na najuta kukigusa, na mambo yaishe. Nikawaangalia. Kanisa lilikuwa limejaa, wanawake kushoto, wanaume kulia, na mwanangu kati yao na mke wake mpya upande wa pili.

Niliwaambia kwamba kudanganya madhabahuni ni dhambi, kwa hiyo sitadanganya. Haikuwa chungu.

"Ilikuwa tamu," nikasema. "Niliinywa nikitetemeka, na ilikuwa tamu, ikanipa joto, na kwa muda nikasahau kila kitu kinachonisumbua. Sisi hapa tunajisifu hatunywi. Hatunywi kwa sababu hatujui tunachokosa. Yule pale anaujua utamu wake wote, na kila jioni anaukataa. Kama mnatafuta aliyeshinda, msiniangalie mimi."

Sikutubu. Wazee wa kanisa walishauriana palepale, na mchungaji akasoma uamuzi kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine: nitoke kwenye kwaya, na niketi benchi la nyuma kabisa, la watu walio chini ya nidhamu, mpaka Pasaka. Nikachukua Biblia yangu nikaenda nyuma, kichwa juu. Lile benchi lilikuwa fupi na mguu wake mmoja umelegea. Nilikuwa sijaketi vizuri niliposikia viatu. Mwanangu alikuwa ametoka upande wa wanaume, anakatiza katikati ya kanisa bila kumtazama mtu, anakuja kwenye upande wa wanawake, na hakuna aliyemzuia. Alifika akasimama mbele yangu, macho yamelowa, anacheka.

"Sogea, Mwaitu," akaniambia.

Nikasogea.